Kutu Huanzia Chini: Maneno Machache kwa Wenye Pikapu

Mtu akitaka kununua ng'ombe, hatazami rangi ya ngozi peke yake. Humfungua kinywa ayaone meno, humpapasa mgongo na miguu, humwendesha hatua chache apate kuujua mwendo wake, kisha ndipo aulizapo bei. Lakini mtu huyo huyo akienda kununua pikapu iliyokwisha kutumika, mara nyingi hutazama rangi, huketi kitini, husikiliza injini ikinguruma, na kutoa fedha zake. Hainami chini hata mara moja. Na huko chini ndiko uliko uti wa mgongo wa gari.

Nayaandika haya kwa sababu jambo hili lilitupata sisi wenyewe, mimi na kaka yangu mkubwa, na tungalipata mtu wa kutuonya mapema tusingalipoteza akiba ya miaka mingi. Huenda msomaji mmoja akaponea hapa.

PIKAPU ILIYONG'AA

Tulikuwa tumechanga fedha pamoja. Kaka alitoa mauzo ya viazi na kabichi za shambani kwake. Mimi nilitoa akiba ya mshahara wangu wa ukarani pamoja na mkopo wa chama cha akiba. Pikapu tuliipata katika mji mmoja wa pwani. Rangi yake nyeupe iling'aa, mipira ya magurudumu ilikuwa mipya, na injini haikutoa moshi. Nilichungulia chini kwa haraka nikaona fremu yote imepakwa lami nyeusi, ikimetameta kama viatu vya askari siku ya gwaride. Nikamwambia kaka, "Mwenyewe alikuwa mtunzaji." Maneno hayo kaka hunikumbusha mpaka leo.

Katika mwezi wa nne tangu kuinunua, wakati wa masika, kaka alikuwa akishuka mlima na magunia ya viazi. Alisikia mlio kama wa tawi kavu linalovunjika, na sanduku la nyuma likainama upande wa kushoto. Juu ya magunia walikuwa wameketi vijana wawili wapakiaji. Mungu ni mwema: gari lilikuwa likienda polepole kwa sababu ya utelezi, naye akalisimamisha kabla ya daraja.

Fundi alipolala chini ya gari alichukua bisibisi akaichoma fremu juu ya springi ya nyuma. Bisibisi ikapenya kama mtu anayechoma muhogo uliochemka. Chini ya ile lami chuma kilikuwa kimekuwa magamba mekundu, yakibanduka kipande kipande kama ukoko wa ugali. Fundi akamwambia kaka, "Mzee, hili si gari. Hii ni rangi iliyosimama yenyewe."

FREMU NI KITU GANI?

Motokaa nyingi ndogo za mjini hazina fremu mbali na mwili. Mabati ya mwili wake ndiyo yanayobeba uzito wote. Pikapu ya mzigo haikuundwa hivyo. Chini yake mna fremu ya chuma, ambayo mafundi huiita chesisi, nayo imefanana na ngazi iliyolazwa chini: nguzo mbili ndefu kutoka mbele hata nyuma, na vipande vya kukingama baina yake. Juu ya ngazi hiyo vimefungwa injini, chumba cha dereva, sanduku la mizigo na tangi la petroli. Chini yake zimeshikizwa springi na ekseli, na kandokando yake hupita paipu za breki.

Basi mlango ukioza, mvua itakunyeshea. Fremu ikioza, springi yaweza kung'oka, paipu ya breki yaweza kupasuka, na usukani waweza kukataa kutii. Ndiyo sababu kutu ya mlangoni ni aibu tu, lakini kutu ya fremu ni hatari ya roho.

Mfano mzuri ni Land Rover, gari ambalo wazee wetu walilijua sana katika kazi za serikali. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Baada ya vita chuma kilikuwa adimu Uingereza, kwa hiyo mabati ya mwili wake yalifanywa kwa aluminiamu, ambayo haishiki kutu nyekundu. Lakini fremu ilikuwa ya chuma, vipande vya bapa vilivyochomelewa vikawa kama sanduku refu. Matokeo yake ni kwamba Land Rover ya zamani yaweza kuwa na mwili mzima kabisa hali fremu iliyo chini yake imekwisha. Huko Uingereza wako watu ambao kwa sababu hiyo huitoa fremu ya zamani na kuliweka gari lote juu ya fremu mpya iliyochovywa katika zinki.

KUTU HUTOKEA NAMNA GANI?

Chuma hutolewa katika mawe mekundu ya ardhini kwa moto mkali, na siku zote hutaka kurudi katika hali yake ya kwanza. Kinachohitajika ni vitu viwili tu: maji na hewa. Vikiwapo vyote viwili, chembe za chuma huungana na oksijeni iliyo hewani, na umeme mdogo sana hupita kutoka mahali hata mahali juu ya chuma hicho, mfano wa betri. Penye hewa kavu kutu haina nguvu. Penye unyevu mwingi hufanya kazi usiku na mchana.

Chumvi ndiyo inayoiharakisha kazi hiyo. Maji yenye chumvi hupitisha umeme kwa urahisi kuliko maji matupu, na tena chumvi huvuta unyevu hewani, hata chuma kikabaki kimelowa siku ambayo mvua haikunyesha. Zaidi ya hayo, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo maana rangi hufura na kupasuka, na mabamba mawili yaliyobanwa pamoja husukumana mpaka yakaachana. Kutu ikipata ufa mdogo, huupanua wenyewe.

MAMBO YALIYOTOKEA MAREKANI

Mtu asidhani kwamba taabu hii ni ya magari yaliyochoka peke yake, au ya watu maskini. Katika nchi ya Marekani, majimbo ya kaskazini huanguka theluji nyingi, na barabara hugandamana kwa barafu. Ili magari yasiteleze, serikali za huko humwaga chumvi barabarani kila mwaka, mamilioni ya tani. Chumvi hiyo huyeyusha barafu, lakini maji yake hurushwa na magurudumu yakaingia kila pembe ya fremu.

Kampuni ya Toyota iliuza huko pikapu iitwayo Tacoma, ndugu wa Hilux tuijuayo sisi. Baada ya miaka kadhaa wenye magari hayo waliona fremu zikitoboka hali injini bado ni nzima. Mwaka 2008 kampuni ilitangaza kwamba Tacoma za miaka ya 1995 hata 2000 zitadhaminiwa dhidi ya kutu ya fremu kwa miaka 15, na zile zilizooza mno zitanunuliwa tena na kampuni kwa bei ya mara moja na nusu ya thamani yake. Mwaka 2009 pikapu kubwa ziitwazo Tundra, za miaka ya 2000 hata 2003, kiasi cha 110,000, ziliitwa zirudishwe kukaguliwa, kwa kuwa kipande cha nyuma cha fremu kiliweza kuoza hata gurudumu la akiba likaanguka barabarani.

Hatimaye wenye magari walikwenda mahakamani. Mapatano yaliyotangazwa mwaka 2016 yalihusu pikapu na magari makubwa kiasi cha 1,500,000, na gharama yake ilikadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Kampuni haikukubali kwamba ilikosa, lakini ilikubali kuzikagua fremu, na ile itakayokutwa na tundu la kutu lenye upana wa milimita 10 au zaidi, ibadilishwe bila malipo. Tazama basi: tundu dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho linatosha fremu nzima kuhukumiwa kuwa haifai.

Sisi tununuao gari mkono wa pili au wa tatu hatuna mapatano kama hayo. Dhamana yetu ni macho yetu wenyewe.

UPEPO WA BAHARI NA MATOPE YA BARA

Hapa Kenya hatumwagi chumvi barabarani, lakini chumvi hutufikia kwa njia nyingine. Kwanza ni bahari. Kuanzia Vanga hata Lamu, upepo wa Kaskazi na wa Kusi huchukua chembe za maji ya chumvi na kuzitandaza juu ya kila kitu. Kila mtu wa pwani ajua kwamba mabati ya nyumba iliyo karibu na ufuo hayadumu kama yale ya bara. Fremu ya gari ni vivyo hivyo. Na mtu apelekaye pikapu yake ufuoni kuchukua samaki au mchanga, akakanyaga maji ya bahari, amefanya katika saa moja kazi ambayo upepo ungeifanya kwa muda mrefu.

Pili ni magari yatokayo ng'ambo. Mengi ya magari yaliyotumika yaingiayo nchini hutoka Japani, na sheria yetu hukataa yale yaliyozidi umri wa miaka 8. Lakini sehemu za kaskazini za Japani huanguka theluji nyingi, na huko pia dawa za chumvi hutumika barabarani. Gari la miaka saba lililoishi Hokkaido na lile lililoishi upande wa kusini hayakuishi maisha mamoja, ijapokuwa umri wao ni mmoja.

Tatu ni matope. Watu wa bara hudhani wamesalimika kwa kuwa bahari iko mbali. Lakini matope yaliyojaa ndani ya fremu ni kama kitambaa kilicholowa ambacho hakianikwi. Nje barabara imekauka na vumbi linatimka, ndani ya fremu bado mna unyevu. Tena mbolea za chumvichumvi zinazomwagika katika sanduku la mizigo, na mkojo na mavi ya ng'ombe wanaobebwa kwenda mnadani, vyote hupenya chini na kula chuma.

Mahali panapooza kwanza ni hapa: juu ya ekseli ya nyuma, ambako fremu hupinda, penye mikono ya springi, nyuma ya magurudumu ya mbele, juu ya tangi la petroli, ambako mkono haufiki, na kila mahali mabamba mawili yalipolaliana. Fremu iliyo wazi upande mmoja yaweza kuonekana na kusafishwa. Fremu iliyo kama sanduku huoza kutoka ndani kwenda nje, na siku uonapo doa dogo la nje, ndani kazi imekwisha zamani.

NAMNA YA KUJIKINGA

Kinga ya kwanza ni maji safi, nayo haina gharama kubwa. Osha chini ya gari, si juu tu. Ingiza mpira wa maji katika matundu ya fremu mpaka maji yatoke safi. Matundu madogo yaliyo upande wa chini wa fremu hayakutobolewa kwa urembo. Ni ya kutolea maji. Yachokoe kwa waya yasizibwe na matope. Mkaaji wa pwani na aoshe kila juma. Mkaaji wa bara na aoshe kila baada ya safari ya matope. Kisha gari lisimame juani likauke.

Kinga ya pili ni rangi, lakini rangi iliyopakwa kwa utaratibu. Kwanza ng'oa magamba ya kutu kwa nyundo ndogo na brashi ya waya, upige msasa mpaka chuma kionekane. Futa vumbi na grisi. Pale penye vijishimo ambapo brashi haifiki, iko dawa yenye asidi ya fosfori ambayo huigeuza kutu iliyobaki. Kisha paka rangi ya kwanza yenye zinki, iache ikauke, ndipo uweke rangi ya juu. Kupaka rangi au lami juu ya kutu ni sawa na kufunga bendeji juu ya kidonda ambacho hakikuoshwa. Lami ikikauka hupasuka, maji yakaingia katika ufa, na humo hayatoki tena. Hivyo ndivyo ilivyokuwa pikapu yetu.

Kinga ya tatu ni zinki yenyewe. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipewa hati ya serikali yake kwa ufundi wa kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyuka. Mpaka leo ufundi ni ule ule: zinki huyeyushwa kwa joto la digrii 450 hivi, na chuma kilichosafishwa kwa asidi hutumbukizwa humo. Mabati ya nyumba zetu yalienea nchini kwa ufundi huo. Ajabu ya zinki ni kwamba haifuniki tu. Mahali palipokwaruzwa, zinki iliyo jirani hukubali kuliwa kwanza ili chuma kisiliwe, mfano wa askari asimamaye mlangoni. Fremu mpya yaweza kuchovywa hivyo, lakini lazima iwe imevuliwa kila kitu.

Kinga ya nne ni mafuta mazito au nta ya kunyunyizia ndani ya fremu kwa bomba jembamba. Yako mafuta yatokanayo na manyoya ya kondoo ambayo hayakauki wala hayapasuki, bali hutambaa polepole katika mianya. Yafaa yarudiwe kila mwaka, kabla ya masika.

Hapa napenda kusema neno juu ya oili chafu ya injini. Madereva wengi huimwaga chini ya gari, na ni kweli kwamba kwa siku chache huzuia maji. Lakini oili hiyo ina asidi na masizi ya injini, hulainisha na kuharibu mipira ya springi, hukusanya vumbi likawa tope la kudumu, na ikidondokea paipu au magurudumu huleta hatari ya breki. Tena hudhuru ngozi ya aipakaye, na ikiingia kisimani huyaharibu maji ya kijiji kizima. Faida yake haifikii madhara yake.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Unapokwenda kununua, chukua nguo kuukuu, tochi, nyundo ndogo na bisibisi. Lala chini. Gonga fremu polepole kutoka mbele hata nyuma: chuma kizima hulia kama kengele, kilichooza hutoa mlio mzito kama wa gunia. Muuzaji akikukataza kugonga, mshukuru, uende zako. Ukiona lami au rangi mbichi chini ya gari kuukuu, usifurahi. Uliza inaficha nini. Tazama kama nambari ya chesisi yasomeka vizuri na ni ile ile iliyoandikwa katika hati ya gari. Tazama pia kama kuna viraka vya kuchomelea. Kuchomelea bamba jipya juu ya chuma kilichooza ni kama kushona kiraka juu ya nguo iliyochakaa: uzi hauna pa kushika. Na moto wa kuchomelea huunguza rangi iliyo ndani, hivyo kutu mpya huanza siku ile ile. Mtu aambiwaye kwamba fremu yaweza kutengenezwa na apate neno la fundi asiyeiuza gari hiyo.

NENO LA MWISHO

Pikapu yetu ilipokwisha kukaguliwa, kaka alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mdogo wangu, sisi tulipakiwa lami. Kwa nini tusiipake tena, tukamwuzia mwingine?" Sikuwa na jibu la haraka. Mkopo wa chama ulikuwa bado haujalipwa hata nusu, na watoto wake wawili walikuwa wanangoja karo. Fundi alikuwapo, naye alisema kwamba kwa siku mbili angeweza kuifanya fremu hiyo ing'ae, na hapana mnunuzi ambaye angetambua.

Tulirudi nyumbani hatujakata shauri. Usiku ule kaka alikuja kunigongea mlango. Akaniambia kwamba hakuweza kulala, kwa kuwa kila akifumba macho aliwaona wale vijana wawili juu ya magunia, na daraja mbele yao.

Asubuhi tulimwambia fundi aifungue. Injini na sanduku la gia tuliviuza peke yake, na milango na viti vivyo hivyo. Fremu ilikatwa kwa moto vipande vipande, tukauza kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, ili isipate kurudi barabarani. Tulipata pungufu ya nusu ya fedha zetu, na mkopo tuliendelea kuulipa kwa miezi mingi juu ya gari ambalo halikuwapo tena.

Sasa kaka ana pikapu nyingine, kuukuu kuliko ile, na rangi yake imepauka. Kabla ya kuinunua alilala chini yake kwa saa nzima hata mwuuzaji akachoka kungoja. Kila Jumamosi jioni watoto wake huleta maji, naye huingiza mpira katika fremu. Jirani humcheka kwamba aosha tumbo la gari na kuuacha uso wake mchafu. Yeye huwajibu kwamba uso haubebi viazi.